Maharagwe ya Askari na Gari Lisilo na Dereva: Uchambuzi wa Kisa cha Maseno

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Gari dogo la umeme linalojiendesha, lililoundwa kwenye karakana moja mjini Kisumu, lilipelekwa Maseno kujaribiwa katika njia ndefu. Kisumu lilikuwa na adabu. Maseno likaanza kichaa: katikati ya njia iliyonyooka, mchana kweupe, usukani unakatika ghafla hadi mwisho, gari linageuza kana kwamba limesahau kitu nyumbani, linaingia shambani, halafu linapiga breki lenyewe na kuganda. Kila mtu kwenye timu alikuwa na jibu lake, na karibu kila jibu lilikuwa la busara. Hakuna hata moja lililopata.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu za majaribio. Nimeona kisa kinafaa kuchambuliwa hadharani kwanza kwa sababu kinaonyesha kazi hii inavyokwenda siku hadi siku, mbali na zile video za dakika mbili tunazotumiana simuni. Halafu hitilafu yenyewe ina uenyeji. Mtu aliye Uingereza au Texas anaweza kuitumia programu ile ile maisha yake yote isimsumbue hata siku moja. Ukiwa Maseno, inakungoja njiani.

Watu na chuma

Timu ni ya watu watano. Kiongozi alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari kabla ya kuingia mambo ya roboti, na mpaka leo hana jina jingine ila Mwalimu. Fundi ni mtu wa jua kali aliyechomelea fremu kwa mkono wake; ndiye mkubwa wetu kwa umri, kwa hiyo hata anapopotoka hakatizwi maneno. Programu ya uendeshaji iko mikononi mwa binti tunayemwita Nyar Gem, kwa kuwa kwao ni Gem. Kijana wa kamera tunamwita Omera, kwa sababu yeye humwita kila mtu omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, hata wageni waliokuja na tai. Wa tano ni mimi na kaunta buku langu.

Gari halina sura ya kutangazwa. Fremu ni ya vyuma vya mraba, magurudumu ni ya tuktuk, betri ni nne za volti 12 zilizofuatanishwa kupata volti 48. Usukani unazungushwa na mota ya waipa ya lori iliyotoka kwa wauza vyuma kuukuu, na Fundi haruhusu mtu aicheke: ina nguvu, na gurudumu likigonga jiwe mota hairudishwi nyuma. Juu kuna kamera, kihisi cha leza kinachopima umbali wa vitu vilivyo mbele, na antena ya GPS. Antena ya pili husimamishwa chini juu ya miguu mitatu, mahali panapojulikana, nayo hutuma masahihisho kwa redio kwa ile ya garini. Mpangilio huo ndio unaoshusha kosa la GPS kutoka mita kadhaa hadi sentimita chache. Bila huo gari lingekuwa linabahatisha kama liko njiani au mtaroni.

Kazi iliyokusudiwa si ya barabara kuu. Ni kubeba magunia, mitungi ya maji na vifaa ndani ya viwanja vikubwa, kwa mwendo wa mtu aliye na haraka kidogo, njia ile ile kutwa.

Siku ilivyo

Anayedhani siku ya timu kama hii huliwa na laptopu atashangaa. Huliwa na betri. Asubuhi swali la kwanza halihusu roboti. Ni kama stima ilikuwapo usiku. Ikiwa ilipotea saa nane, betri zimejaa nusu, na ratiba nayo inakatwa nusu hata kabla ya chai. Baada ya hapo gari linapandishwa kwenye pikapu kwa mbao mbili na mabega ya watu wanne, linafungwa kamba, tunaliacha ziwa nyuma na kupanda kuelekea Maseno, kilomita 25 hivi kwa barabara ya Busia, kutoka mwinuko wa mita 1,100 na ushee hadi karibu 1,500.

Saa za kazi zinapangwa na ziwa. Joto la mchana hukusanya mawingu, na kuanzia alasiri mvua ya radi inaweza kukufikia kabla hujafungua turubai. Sanduku la kompyuta limezibwa kwa silikoni, lakini hakuna aliye tayari kuliapia. Kwa hiyo majaribio ni ya asubuhi, na kila dakika ya asubuhi ina mwenyewe. Antena ya chini isimamishwe, iachwe itulie. Upepo wa magurudumu upimwe. Kisha ibada ambayo Mwalimu hakubali irukwe: gari linawekwa juu ya matofali, magurudumu yanazunguka hewani, kitufe chekundu kinabonyezwa, na mota isipokata pale pale gari halishuki chini siku hiyo. Likianza kwenda, mmoja anatembea kando yake ameshika rimoti ya kulisimamisha, kidole juu ya kitufe, macho mbele, hazungumzi na mtu. Kazi hiyo inachosha kuliko zote na ndiyo inayopewa heshima ndogo zaidi. Ningekuwa mimi ndiye mlipaji, ningeilipa mara mbili.

Muda unaobaki ni wa kungoja. Unangoja ng'ombe wapite, unangoja programu ipakiwe, unangoja Fundi arudi kutoka mji jirani wa Luanda na nati ya namba kumi. Saa saba ni ugali na omena kibandani, na hapo ndipo mabishano makali hutokea, maana kila mtu amekaa na hakuna cha kushika mkononi isipokuwa tonge.

Tabia ya gari

Njia tuliyoazimwa iko ndani ya kiwanja cha mtu, ni ya murram, na inakwenda kusini hadi kaskazini mita mia tatu na kidogo. Upande wa magharibi kuna safu ya mikalitusi; upande wa mashariki, shamba dogo la maharagwe la askari anayelinda kiwanja. Kulifundisha gari njia si kazi ngumu. Kwanza mtu huliendesha kwa rimoti mwanzo hadi mwisho, kompyuta ikinakili nukta baada ya nukta, kila nukta na latitudo na longitudo yake. Baadaye gari huachiwa. Programu hubadili nukta hizo kuwa mita, huchagua nukta iliyo mita kadhaa mbele, na kukata usukani kuielekea. Gari likisogea, nukta nyingine ya mbele zaidi huchukua zamu. Njia hii ya kufuata nukta ni ya zamani katika roboti, na bado inatumika kwa sababu haina makuu.

Nusu ya kwanza ya njia gari lilikwenda vizuri mno, hata Omera akatoa simu arekodi. Kisha likakata kona. Safari ya kwanza lilikata kulia, likaingia maharagweni. Lilipopangwa upya likakata kushoto, likaelekea mikalitusi. Kila mara, likishatoka njiani zaidi ya mita moja na nusu, ulinzi wake wa ndani uliona limepotea na kufunga breki. Tukaligeuza, tukalianzisha kutoka mwisho wa kaskazini. Lilipokaribia katikati, mambo yale yale.

Kulia safari hii, kushoto safari ile: hilo ndilo lililotupotosha kuliko yote.

Washukiwa

Omera alijishuku mwenyewe, jambo la kumsifu. Kamera yake husaidia kutambua kingo za njia, na mtandao wa neva unaoifasiri, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ulifunzwa kwa picha nyingi za uwanja wetu wa Kisumu, lami na zege. Maseno udongo ni mwekundu, na asubuhi mikalitusi hulaza kivuli chake njiani. Kwa hiyo kivuli kikashikwa. Tukaja siku ya mawingu, kivuli hakuna, gari likakata kona. Mwishowe Nyar Gem akachomoa waya wa kamera, gari likaachwa liende kwa GPS peke yake. Likakata kona pale pale.

Fundi alikuwa na hakika ni waya. Hoja yake ilikuwa nzuri: karibu na katikati ya njia kuna kituta cha kuelekeza maji, gari hurukaruka hapo, na kitu kinachokwenda kulia leo na kushoto kesho ni kitu kilicholegea. Akabadili plagi za usukani, akachomea upya, akafunga kila kitu kwa vibano. Vijana wa programu wana kawaida ya kuwacheka mafundi wakisema hivi, na hapo ningewaambia wapunguze. Katika mashindano ya magari yanayojiendesha yaliyoandaliwa jangwani na DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, Oktoba 2005, gari la H1ghlander la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon lilikuwa likiongoza, kisha injini yake ikaanza kukosa nguvu. Stanley, gari la Stanford, likalipita na kushinda. Zaidi ya miaka 10 baadaye ndipo wahusika walipogundua kifaa kidogo cha umeme karibu na injini ambacho kilipoguswa tu kiliipunguzia nguvu. Kwa hiyo fundi anayeshuku waya ana historia nyuma yake.

Ila safari hii waya zilikuwa safi. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kwamba pembe iliyoamriwa na pembe iliyokatwa na mota zinakubaliana. Mota ilikuwa imetii. Aliyetoa amri ndiye aliyekosea.

Mwalimu alishuku anga: labda waya za stima zinazopita juu, labda lango la chuma linavuruga dira, labda setilaiti hazijakaa vizuri saa zile. Tukabadili saa. GPS yenyewe ilikuwa ikiripoti usahihi wa sentimita muda wote, hadi sekunde gari linapokata kona na baada yake.

Majirani nao walikuwa na lao. Mzee mmoja alisema pale palikuwa gunda, mji uliohamwa zamani, na si kila kitu kinaruhusiwa kuupita katikati. Hatukubisha, na sasa nikitazama nyuma naona jibu lake lilizidi yetu kwa jambo moja: lilikubali kwamba tatizo liko mahali. Sisi tulikuwa bado tunalitafuta ndani ya gari.

Na ikweta je? Inapita Maseno, kila abiria wa Busia ameona kibao chake. Nyar Gem aliitaja mapema, nusu mzaha. Mwalimu akaitupa kwa hoja iliyoonekana imara: ukivuta mstari kutoka kibaoni kwenda moja kwa moja, haupiti katikati ya njia yetu. Kweli haupiti. Lakini vibao vya ikweta havilazimiki kusimama pale ambapo GPS inasoma sifuri. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS hutumia msingi mwingine, WGS84. Kwa nchi yetu, mahali pamoja pakisomwa kwa misingi hiyo miwili hutofautiana takriban mita 300 kusini-kaskazini. Mtu aliyesimamisha kibao kwa ramani nzuri ya zamani hakukosea; alikuwa anapima kutoka kwingine. Njia ya mita 300 inaweza kumezwa yote na tofauti hiyo.

Vijiti

Aliyefungua fundo hakuwa na nia ya kulifungua. Askari alikuwa amevumilia kwa sababu sisi ni wageni wa mwajiri wake, lakini maharagwe yalikuwa yake. Basi kila gari lilipotoka njiani, alichomeka kijiti mahali gurudumu lilipoanza kuiacha njia, pande zote mbili, ili siku ya kudai fidia pasiwe na ubishi kwamba liliingia mara ngapi na wapi.

Asubuhi moja alimwita Mwalimu kuhusu hesabu yake. Mwalimu alikwenda na shilingi mfukoni, akarudi ameziba mdomo kwa kiganja. Vijiti vilikuwa vimekaa katika mafungu mawili. Fungu la kusini ni la safari zilizotoka kusini. Fungu la kaskazini ni la zilizotoka kaskazini. Katikati palikuwa peupe, hakuna kijiti hata kimoja.

"Mzee, hapa katikati halijawahi kutoka njiani?" Mwalimu akauliza.

"Hapo katikati halijawahi kufika," askari akajibu, kwa sauti ya mtu anayeulizwa kitu kinachoonekana kwa macho.

Kituta cha Fundi kingelifanya gari liharibike juu ya kituta. Kivuli kingelifanya liharibike ndani ya kivuli. Hapa gari lilikuwa linaharibika kabla ya kufika mahali fulani, kutoka pande zote mbili, kwa umbali ule ule. Tulipima kati ya mafungu: mita 12 kasoro kidogo. Nyar Gem akatazama mpangilio wa programu. Kwa mwendo tuliokuwa tukienda, nukta inayofuatwa huwekwa mita 6 mbele ya gari.

Akaomba jaribio moja, nalo kwa maoni yangu ndilo la maana kuliko mengine yote katika kisa hiki. Umbali wa nukta hubadilika na mwendo: gari likienda polepole, nukta husogezwa karibu. Akapunguza mwendo nusu. Vijiti vipya, ambavyo safari hii askari alivichomeka kwa bidii ya mshiriki wa utafiti, vikaangukia ndani zaidi, mita 3 hivi kutoka kitovu, kusini na kaskazini. Mti hausogei ukipunguza mwendo. Waya za stima hazisogei, wala lango, wala gunda. Kilichokuwa kikigusa mpaka usioonekana hakikuwa gari; ni ile nukta iliyo mbele yake.

Tukaishika antena mkononi, tukatembea polepole katikati ya vijiti tukisoma skrini. Tarakimu za latitudo zikapungua, zikawa sifuri tupu, na herufi S ikageuka N.

Kilomita 10,000

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Nyar Gem aliiongezea programu mstari mmoja wa kuandika umbali kutoka gari hadi nukta inayolengwa. Tulikuwa tunahifadhi picha, volti, pembe za usukani, joto la kompyuta. Hicho kimoja hakuna aliyefikiria kukihifadhi, kwa kuwa kwa ufafanuzi kilipaswa kuwa mita 6. Gari likaanza safari. Sita, sita, sita. Kisha skrini ikaandika mita 9,999,994.

"Mwalimu," alisema, "gari letu linaelekea Ncha ya Kusini."

Maelezo yake ni haya. Latitudo na longitudo ni pembe, na usukani haukatwi kwa pembe za dunia. Programu inazigeuza kuwa mita. Kwa kazi hiyo wengi hutumia mfumo wa UTM, unaoigawa dunia katika kanda 60, kila moja na upana wa nyuzi 6, na kila ukanda una nusu yake ya kaskazini na nusu yake ya kusini. Mahali hutajwa kwa namba mbili: ya mashariki na ya kaskazini. Nusu ya kaskazini huanza kuhesabu kutoka ikweta, mita sifuri, kwenda juu. Nusu ya kusini ingelazimika kuhesabu namba hasi, na wapima ardhi hawapendi namba hasi, kwa hiyo ikweta yake ilipewa mita 10,000,000 na hesabu hushuka kuelekea ncha. Namba hiyo haikuokotwa. Wafaransa walipoibuni mita miaka ya 1790, walikusudia iwe sehemu moja ya milioni 10 ya umbali kutoka ncha hadi ikweta, na hawakukosea kwa mengi.

Ukikaa Kisumu mjini, yapata kilomita 10 kusini mwa ikweta, namba yako ya kaskazini ni milioni tisa na laki tisa na ushee, kila siku, na hakuna kinachotokea. Ukiwa Maseno, hatua moja kusini mwa mstari unasoma 9,999,999; hatua moja kaskazini unasoma 1. Programu tuliyoitumia ilichagua nusu ya dunia yenyewe kwa kila nukta, kimyakimya, kwa kutazama alama ya latitudo. Gari likiwa kusini, nukta ya mbele ilipovuka mstari, hesabu ilisema lengo liko mita milioni 10 nyuma yako. Gari likatii: likageuza. Likitoka kaskazini, hesabu ilisema lengo liko milioni 10 kaskazini, nalo likageuza kuelekea ncha ya huko.

Ile kulia na kushoto? Lengo likiwa nyuma yako kabisa, nyuzi 180, kugeukia kulia au kushoto ni sawa. Kinachoamua ni sentimita moja au mbili za gari kuelemea upande huu au ule. Kilichoonekana ni waya uliolegea kilikuwa hesabu inayochagua kati ya njia mbili zilizo sawa.

Hitilafu za aina hii zina ukoo mkubwa. Februari 2007 ndege za kivita za F-22 za Marekani, zikitoka Hawaii kwenda Okinawa, zilipovuka mstari wa tarehe katika Bahari ya Pasifiki mifumo yao ya urambazaji ilizima, zikalazimika kurudi zikifuata ndege zilizokuwa zikizijazia mafuta. Na kuna ndugu wa karibu anayeishi hapa hapa kwetu. Programu nyingi za GPS hutenganisha nyuzi na dakika, zikibeba alama ya kusini kwenye nyuzi. Nyuzi 33 kusini ni hasi 33. Kisumu ni nyuzi sifuri na dakika 6 kusini. Hasi sifuri kwa kompyuta inayohesabu namba nzima ni sifuri tu, alama inapotea, na mji mzima unahamia kaskazini mwa ikweta, kilomita 22 kutoka ulipo. Nyar Gem alianza kumshuku huyo kabla ya kumpata mwenyewe, akakuta kwenye programu yetu hayupo.

Ubishi wa marekebisho

Mwalimu alitaka tuihamishe njia. Wageni walikuwa wanakuja kuona gari, kiwanja ni kikubwa, mita mia na hamsini kusini hakuna ikweta. Najua wasomaji wengine watamwona mvivu. Mimi simwoni hivyo. Kiongozi ana tarehe mbele yake, na gari lenye kazi ya kubeba mitungi halidaiwi kushinda dunia nzima. Fundi ndiye aliyekataa, kwa sababu iliyonishangaza: hakutaka kujifunza upya miinuko ya njia nyingine.

Pakabaki njia mbili. Ya kwanza ni kulazimisha kila nukta ihesabiwe kwa nusu ya kusini hata ikiwa imevuka. Hakuna ubaya wa hesabu hapo: badala ya 1, 2, 3 unapata 10,000,001 na kuendelea. Ni mstari mmoja, unamalizika kabla ya chai kupoa. Ya pili ni kuachana na namba za dunia ndani ya gari: unachagua jiwe moja kiwanjani, unaliita sifuri, na kila kitu kinapimwa kwa mita kutoka hapo, mashariki na kaskazini. Nyar Gem alishikilia ya pili, na hoja yake ilikuwa Nakuru.

Kenya ni miongoni mwa nchi chache zilizokatwa pande zote mbili. Ikweta inatenga kusini na kaskazini, na longitudo ya nyuzi 36 mashariki inatenga ukanda wa 36 na wa 37. Mstari huo wa pili unapita kati ya mji wa Nakuru na Njoro. Anayetoka Njoro kwenda Nakuru, namba yake ya mashariki hupanda hadi karibu 834,000, kisha kwa hatua moja huanguka hadi karibu 166,000. Panda kaskazini hadi upande wa Mogotio, na hapo vipande vyote vinne vya nchi vinakutana kwenye nukta moja. Kulazimisha nusu ya kusini kungetibu Maseno na kuacha Njoro ikingoja.

Basi jiwe likachaguliwa, pembeni mwa karakana ndogo ya kiwanja. Programu ikaandikwa upya, na majaribio yake ya ndani yakaongezewa nukta za Maseno, za kati ya Nakuru na Njoro, na za Mogotio, ili kila badiliko jipya lipite huko kwanza kabla ya kugusa gari. Njia zilizohifadhiwa zamani zilikuwa na namba mbili tu, bila kutaja ukanda wala nusu, kwa hiyo nyingine tulizibadili na nyingine tukaona ni heri kurekodi tena.

Lakini rekebisho ninalolithamini zaidi lilitoka kwa Fundi, ambaye hajaandika mstari wa programu maishani. Aliuliza: mtu akikuambia shamba unalokwenda kulima liko kilomita elfu kumi, unachukua jembe? Sasa lengo lolote lililo zaidi ya mita 30 halikati usukani. Linafunga breki na kuwasha taa nyekundu. Ulinzi wetu wa awali ulingoja gari litoke njiani ndipo ushtuke. Huu wa Fundi unashtuka kabla gurudumu halijageuka, na haujali kosa limetoka kwa ikweta, kwa kanda au kwa kitu ambacho hakuna aliyekiwaza.

Wageni walipokuja, gari lilivuka mstari kwenda na kurudi bila mtu kuligusa, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba kulikuwa na mstari. Askari alikuwa ameshahesabiwa vijiti vyake na kulipwa. Alidai pia vijiti vya zile safari za polepole, na Mwalimu akaona ni haki.

Njoro ni baada ya mvua, Fundi akipata betri mpya. Katika kaunta buku ukurasa mmoja bado haujafungwa: dira ya gari huyumba nyuzi kadhaa kila linapopita kando ya lango la chuma, kama Mwalimu alivyosema tangu mwanzo. Haikuhusika na kisa hiki, lakini ipo, na wiki ijayo antena ya pili ya garini itafungwa nyuma ili uelekeo usomwe kwa GPS na dira iachwe ipumzike.